Wimbo Uliokuwa Ukikatika Jikoni

Kamembe, Jumatatu asubuhi, kabla sijafungua saluni

Mabukwe,

Nakohoa kwanza. Ndivyo nilivyofanya mlangoni kwa miaka saba, ili wewe, mama wa mke wangu, upate muda wa kufunika sahani au kugeukia ukutani, tusije tukakutana uso kwa uso mmoja wetu ana tonge mdomoni. Sijui barua ya kwenda kwa mtu aliyelala Giheke chini ya udongo inaanzwa vipi, kwa hiyo naianza kama nilivyokuwa nikiingia nyumbani.

Ni mimi, mkwe wako kinyozi. Furaha hajambo. Ameshavuka kwenda Bukavu na ndoo zake za nyanya, atarudi jioni miguu imevimba na habari za watu wote. Mvua inanyesha sana. Bati la jikoni linavuja palepale ulipokuwa ukitegesha sufuria, na sufuria bado ipo, sijui kwa nini sijaziba lile tundu. Unaona ninavyozunguka. Ungekuwa nyuma ya pazia lako ungekuwa umeshaguna, maana ulikuwa na guno la kumwambia mtu aseme alichokuja kusema.

Nilichokuja kusema ni Ineza. Mjukuu wako hatafuni. Ni miezi minne tangu utuache, mtoto anapungua mbele ya macho yetu, na mimi baba yake sijui la kufanya.

Sikuandikii kukulaumu. Hapana, ngoja, nisianze na uongo kwenye ukurasa wa kwanza. Nakulaumu kidogo. Najilaumu zaidi. Kuna siku nakulaumu wewe zaidi, halafu napita mbele ya jiko naona kigoda chako, naacha.

Unakumbuka ulivyokuja? Ineza alikuwa na siku tatu. Mdomo wa juu umepasuka mpaka puani, na ndani paa la kinywa liko wazi. Alikuwa akinyonya hewa. Maziwa kidogo aliyoyapata yalimtokea puani, Furaha akawa analia, majirani wakaja kuangalia na kuondoka wakinong'ona laana hii ni ya ukoo gani, wa kwangu au wa kwenu. Ulishuka kwenye pikipiki na begi moja, ukamtazama mtoto muda mfupi tu, ukasema, "Uyu ni muntu. Munipe kikombe na kijiko." Ulisema umekuja kwa wiki mbili. Ukakaa miaka saba. Tone kwa tone ulimlisha, akapata uzito wa kushonwa mdomo, baadaye akapata uzito wa kuzibwa paa la kinywa. Nasema mbele ya Mungu, bila wewe nisingekuwa na mtoto wa kumlilia leo.

Tatizo lilikuwa nyumba. Kwetu mkwe hali mbele ya mama mkwe, wala mama mkwe hali mbele ya mkwe wake. Zamani kila mtu alikuwa na boma lake, jambo lilikuwa rahisi. Sisi tulikuwa na vyumba viwili, sebule ya viti vinne na jiko la uani lisilo na mlango. Ukatundika kitenge chenye maua ya manjano, ukanitumia ujumbe kupitia kwa Furaha: pazia likishuka, mama anakula. Vijana wanaonyoa kwangu hunicheka nikiwasimulia. Wao wanakula brosheti za nyama na mama wakwe zao, sahani moja, na wanagombania pilipili.

Na ile siku tuliyokutana kwenye ujia! Mimi natoka na sahani ya maharage, wewe unaingia na kuni. Nikaficha sahani mgongoni, mchuzi wote ukateremka kwenye suruali yangu ya kanisani, nikasimama pale nikikusalimu kwa heshima zote huku maharage yakinishuka mguuni. Ulipita kimya, macho chini, kama mtu ambaye hajaona kitu. Kesho yake ndipo sauti ikaja kutoka nyuma ya pazia: "Mukwe wangu, pantalon ilishiba?" Nilicheka mpaka nikakaa chini. Nadhani siku ile ndipo nilipokupenda.

Sasa sikiliza kosa langu.

Ineza alipozibwa paa la kinywa alikuwa na mwaka na nusu. Nesi alitusimamisha sote watatu akasema apewe chakula laini, na mate ya mtu mwingine yasiingie kwenye kidonda. Alikuwa anakutazama wewe, kwa sababu alishakuona ukimtafunia ndizi pale kitandani. Alisema mpaka kidonda kipone. Mimi nilirudi nyumbani na hofu yangu nikasema milele. Nilisimama uani, sauti ya kusikika mpaka kwa jirani, nikatangaza kwamba katika nyumba yangu hakuna mtu atakayemtafunia mtoto chakula tena, hayo ni mambo ya kale. Ulijibu kutoka ndani, "Ndiyo, mukwe wangu. Nimesikia." Kisha pazia likashuka.

Ulisema umesikia. Hukusema utaacha. Mimi mwanamume mzima sikuliona hilo kwa zaidi ya miaka mitano.

Kila mchana nilirudi kula. Nilikaa sebuleni na sahani yangu, na kutoka jikoni nikasikia unamlisha Ineza huku ukimwimbia. Mstari mmoja wa wimbo wa kanisani, kisha kimya. Mstari wa pili, kisha kimya kirefu zaidi. Nilimwambia Furaha, mama anazeeka, anasahau maneno ya nyimbo. Furaha aliinama akaendelea kuosha vyombo. Baadaye ulikuwa ukipita dirishani na sahani tupu, ukaniambia bila kunitazama, "Mutoto amekula. Wende ku kazi na roho safi." Nami nilikwenda na roho safi. Nilinyoa vichwa mpaka jioni nikiwa na roho safi.

Kimya kile, Mabukwe, ulikuwa unatafuna.

Halafu kuna lile la Kigali. Hili ndilo linaloniamsha. Ineza ana miaka mitano, tumepanda basi sisi watatu, kule msituni kwenye kona ametapika mara mbili kwenye mfuko ulioushika wewe. Hospitalini tukakutana na yule dada wa mazoezi ya kinywa ambaye wote wanamwita Mademoiselle, mpole, kalamu mbili kwenye nywele. Akaniuliza: Papa Ineza, mtoto anatafuna mwenyewe? Nikajibu bila kuvuta pumzi. Anatafuna vizuri. Anatafuna kila kitu. Nilisema hata nyama.

Ulikuwa umekaa karibu yangu, umejifunika kitenge cha ibada, unatazama sakafu. Niliona vidole vyako vinakunja ncha ya kitenge na kuikunjua, vinakunja na kuikunjua. Nilidhani ni baridi ya Kigali. Lakini ungesema nini? Mama mkwe amkanushe mkwe wake mbele ya watu wa hospitali, aonekane mwongo, tena kwa jambo alilolikataza yeye mwenyewe? Mimi nilikuwa nasema nisichokiona, kwa sababu adabu ilinikataza kuchungulia jikoni. Wewe ulikuwa umeona kila siku na adabu ikakufunga mdomo. Ineza alikaa katikati yetu akining'iniza miguu. Mademoiselle akaandika: anatafuna. Tukarudi nyumbani, na miaka miwili ikapotea.

Kisha ukafa, Jumanne, ukichambua mchele. Presha. Ungo ulibaki magotini pako na hakuna punje iliyomwagika, Furaha anapenda kusimulia hilo.

Siku ya kumaliza matanga kule Giheke watu walijaa. Wale bibi watatu wa kanisani kwako walikaa kwenye mkeka karibu na mlango. Ineza alipewa kipande cha nyama. Nikamwona anakwenda kwa bibi wa kwanza, anamwinulia nyama mpaka mdomoni, anatega kiganja. Bibi akafurahi, akang'ata. Akaenda kwa wa pili. Kwa wa tatu. "Mutazame uyu mutoto! Anapatia bakubwa kwanza. Koko yake alimulea muzuri!" Watu wakampigia makofi, yeye na wewe bibi yake. Nami kifua kikanijaa. Nilimwambia mtu aliyekaa karibu yangu, huyo ni binti yangu.

Walikula nyama yake yote, Mabukwe. Alitazama kiganja chake kitupu, akakifuta kwenye gauni, akaja kukaa mguuni pangu. Sisi tukawa tunamsifu kwa adabu, kumbe mtoto alikuwa na njaa anazunguka kutafuta meno.

Tulirudi Kamembe. Siku ya tano au ya sita nikamwekea bugali na sambaza, wale samaki wadogo wa kukaanga unaowapenda. Akachukua sambaza mmoja, akanitia mdomoni, akaweka kiganja chini ya kidevu changu, akasubiri. Nikatafuna nikameza nikamshukuru. Uso wake ukaanguka. Akachukua mwingine. Nikameza tena. Ndipo aliposema kwa ile sauti yake inayopitia puani, polepole, kama anamfundisha mjinga: "Papa, fanya sawa Koko." Yaani nifanye kama wewe.

Furaha alikuwa mlangoni. Nilimtazama, na yeye akanitazama bila kuomba radhi. "Miye pia alinitafunia," akasema. "Sisi bote alitutafunia. Ulifikiri tulikomaa na nini?" Halafu akaketi chini pale pale mlangoni akalia, kilio chako alichokuwa hajalia tangu mazishi, kwa sababu mazishini alikuwa anahesabu viti vya wageni.

Nikarudi Kigali na mtoto, mimi na yeye tu. Mfuko wa kutapikia niliushika mwenyewe. Nilimwambia Mademoiselle ukweli wote, nikijiona mdogo. Hakunigombeza. Alimbandika Ineza vibandiko vidogo vyenye nyaya, viwili shavuni na viwili kwenye panja, hapa pembeni ya jicho, kila upande. Akampa pamba ya kung'ata. Ili Ineza asiogope akanibandika na mimi. Kung'ata pamba mbele ya msichana wa watu, mimi niliyekuwa naficha maharage mgongoni! Nikang'ata. Kwenye kioo cha mashine mistari yangu ikaruka juu, mirefu, imesongamana. Ya Ineza upande wa kulia iliinuka kidogo ikachoka. Upande wa kushoto, upande uliopasuka, ililala kama majani yaliyokanyagwa na ng'ombe.

Akanieleza kwa mikono. Taya la juu la kushoto ni jembamba, meno ya juu hayakutani na ya chini, kwa hiyo mtoto upande ule hana cha kusagia, na msuli usiosaga unabaki dhaifu. Watoto wengi waliozaliwa hivi misuli yao ya kutafuna huwa na shida, akasema, haikusababishwa na bibi. Alilirudia hilo mara mbili, nami nakufikishia kama nilivyolipokea. Lakini msuli dhaifu unahitaji kazi, na wa Ineza haujapewa kazi tangu azaliwe.

Aibu yangu nyingine, Mabukwe, ni hii. Mimi kichwa cha mtu nakijua kwa vidole. Mteja akiwa anatafuna karanga, panja lake linacheza chini ya mashine, namwambia acha kutafuna kaka, nitakukata. Nimemnyoa Ineza kila mwezi tangu apate nywele. Panja lake lilikuwa tulivu, tulivu kabisa, hata alipokuwa na biskuti mdomoni akisubiri ilainike. Nilijisifu kwamba nina mtoto anayetulia kwenye kiti.

Mademoiselle akasema tukae naye uso kwa uso, tutafune mbele yake kwa mdomo mkubwa, kulia na kushoto, aone. Akauliza, nyumbani amewahi kuwaona watu wakila? Nikafikiri. Mama yake yuko Bukavu mchana kutwa. Mimi nakula sebuleni mlango umerudishwa. Aliona mtu mmoja tu akitafuna, na mtu huyo alikuwa akimtafunia yeye. Kwake kutafuna ni kazi ya Koko, kama kunyoa ilivyo kazi ya Papa.

Na kuna haraka. Lile tundu dogo lililobaki nyuma ya meno ya mbele, linalopitisha uji puani, madaktari wa upasuaji watakuja kuliziba kabla ya Noeli. Uji ndio anaoweza, na uji ndio unaomtoka puani shuleni wenzake wakimcheka, kwa hiyo shuleni hanywi. Nyumbani anakunywa kidogo. Akiendelea kupungua hawatamlaza kwa dawa ya usingizi, hilo walisema wazi, na wakishaondoka hakuna anayejua watarudi lini. Kila Ijumaa nampeleka kituo cha afya kumpima. Nesi anasogeza kile chuma cha mizani kuelekea kushoto, na kila Ijumaa kinakwenda kushoto zaidi. Nimeanza kukichukia kile chuma kama mtu.

Basi nikajaribu. Lakini nitajaribia wapi? Furaha amekuza picha yako, ile ya Pasaka uliyokunja uso kwa sababu ya jua, ameitundika sebuleni juu ya kabati, na macho yako yanatazama meza. Mimi siwezi, Mabukwe. Tangu itundikwe nimekuwa nakula chumbani, nimekaa kitandani, sahani mapajani, kama mwizi wa kuku. Furaha aliponikuta alicheka kwa mara ya kwanza tangu ufe. Akasema mama amekufa, sasa unamwogopa kuliko alipokuwa hai. Nikamwambia sikuogopi, nakuheshimu. Akasema tofauti iko wapi.

Nikampeleka saluni. Mchana wateja ni wachache. Nampandisha kwenye kiti, nakaa karibu yake, tunatazamana kwenye kioo kikubwa. Natafuna kiazi kitamu kwa mdomo mkubwa, kulia mara kumi, kushoto mara kumi. Nimeshika panja langu aone linavyocheza. Watu wa stendi ya mabasi wanapita wanachungulia, wanasema kinyozi amechanganyikiwa. Ineza ananitazama kwa makini sana, kama anatazama filamu. Kisha anatia kiazi mdomoni, anakiweka kati ya ulimi na kaakaa, anasubiri. Anaweza kusubiri nusu saa. Nilimwomba. Nilimwahidi sketi. Siku moja nilimpigia kelele, na yeye akafungua mdomo akanionyesha kiazi kizima, hajakifanya kitu, machozi yanatoka, kama ananiambia ona, nimekitunza.

Siku hiyo nilishindwa. Nilirudi naye nyumbani, nikaingia jikoni mwako, nikashusha pazia la maua ya manjano. Nikakaa kwenye kigoda chako. Nikatafuna sambaza na bugali mpaka vikawa uji, nikatoa, nikampa. Mimi niliyetangaza uani! Alilamba kidogo. Akanirudishia kiganjani, taratibu, bila hasira. "Haiko ya Koko," akasema.

Furaha akasema labda ni tangawizi, kwamba ulikuwa na kipande cha tangawizi shavuni tangu asubuhi mpaka jioni. Sikujua. Miaka saba na sikujua una tangawizi shavuni. Nikanunua sokoni, nikatafuna mpaka ulimi ukawaka. Hakutaka hiyo pia. Hapo ndipo nilipojua kwamba hata kosa lako siwezi kulirudia. Kutafuna kwako kumekwenda na wewe, na kwake bado hakujaja, na mimi niko hapa katikati na meno thelathini na mbili yasiyo na faida.

Sasa nikueleze la jana, ndilo lililonikalisha kuandika.

Jana ilikuwa Jumapili, saluni imefungwa, mvua tangu kanisani. Furaha alichemsha viazi vitamu. Nikachukua sahani yangu kwenda chumbani, na Ineza akanishika shati. Akanivuta mpaka sebuleni. Akageuza kiti changu, alikihangaikia kwa kifua maana ni kizito, mpaka kikaelekea kabati. Kikaelekea wewe. Akavuta chake karibu, naye akaelekea wewe.

Nilikohoa. Sijui nilitegemea nini, ugeuke ukutani labda. Ulibaki umekunja uso kwa jua. Uma uligonga sahani kama kengele, Mabukwe, muulize Furaha. Nikatia kiazi mdomoni mbele yako. Nikatafuna. Kulia mara kumi, kushoto mara kumi, mdomo mkubwa, bila aibu, au na aibu yote. Ineza hakunitazama mimi. Alikuwa anakutazama wewe, kama anataka kuona utafanya nini.

Kisha akachukua kipande akatia mdomoni. Nikaweka vidole kwenye mapanja yake, kama ninavyoweka kwa wateja. Kimya. Kimya. Halafu upande wa kulia kitu kikajikaza chini ya kidole changu. Kikalegea. Kikajikaza tena. Na upande wa kushoto, mara moja, mara mbili, kidogo sana, kama kifaranga anayegonga yai kutoka ndani. Nilihesabu saba. Furaha alikuwa amesimama na mwiko mkononi, mdomo wazi.

Nilidhani sasa atameza. Hakumeza. Alitoa kiazi chote kiganjani, kimesagika nusu, akapanda juu ya kiti, akanyoosha mkono mpaka kwenye picha, akakipaka kwenye kioo palipo na mdomo wako. "Koko, kula," akasema. "Nimekufanyia."

Akasubiri. Unajua anavyoweza kusubiri. Kiazi kikaanza kuteleza kwenye kioo. Akanigeukia, ana kilichobaki kiganjani, na macho yake yakaniuliza kwa nini Koko hafungui mdomo. Nimefiwa kabla ya leo na nimezika watu, lakini swali lile sijawahi kuulizwa, Mabukwe. Nikafungua mdomo wangu. Akaniwekea. Nikala alichokutafunia mwanangu, mbele yako, unatazama.

Hakumeza hata chembe jana. Alikunywa uji kidogo, nusu ukatoka puani. Ijumaa chuma cha mizani kitakwenda kushoto tena, najua, na Noeli inakuja. Sijui kama mara saba za kumtafunia marehemu zinahesabika. Nitamuuliza Mademoiselle. Naogopa atasema hapana.

Kioo sijakifuta. Furaha pia amekipita leo asubuhi na kitambaa mkononi, akakiacha.

Pazia la jikoni nimeling'oa. Nisamehe, lilikuwa lako. Furaha atalikata gauni la Ineza. Na nakuahidi jambo moja tu, kwa sababu mengine hayako mikononi mwangu: sitakula tena chumbani. Kila siku nitakula mbele yako na yeye akiwa karibu yangu. Akikutafunia wewe, nitakula mimi kwa niaba yako, mpaka siku atakayojisahau akameza. Isipofika kabla ya Noeli, bado nitakula. Ukiona ni utovu wa adabu, guna.

Lala salama, Mabukwe. Asante kwa kikombe na kijiko. Mchana saa saba nitakohoa mlangoni kama kawaida yangu, nitangoja kidogo, kisha nitaingia na sahani mbili.

Mkwe wako,
Papa Ineza